Macho ya adabu yasiwanyime ajira watoto wa wakulima wa Mara

KATIKA mnada wa ng'ombe, uwe wa Bunda au wa Butiama, mnunuzi mzoefu haanzi na bei. Kwanza humzunguka ng'ombe. Hutazama macho, manyoya na pua kama ina unyevu, hufungua mdomo kukagua meno, kisha humwomba mwenye mali amtembeze hatua chache. Ndani ya ng'ombe hawezi kuona, na kwa kuwa hawezi kuona ndani, hulipa kwa kile kinachoonekana nje. Mfugaji anayelijua hilo humnywesha ng'ombe wake na kumpitisha malishoni kabla ya kufika mnadani, wala hakuna anayemwita tapeli.

Chumba cha usaili wa kazi kinafanana na mnada kwa mambo kadhaa, ingawa binadamu si ng'ombe na hakuna anayependa kulinganishwa naye. Watu watatu au wanne wameketi nyuma ya meza. Mbele yao anaingia kijana ambaye hawajapata kumwona. Vyeti vyake wanavyo, lakini vinafanana na vya wenzake waliokaa nje kwenye benchi wakisubiri zamu. Muda walionao ni wa robo saa hivi. Katika robo saa hiyo watasikiliza majibu yake, lakini pia watatazama macho yake, mabega yake, mikono yake na namna alivyokaa, na vyote hivyo vitaingia katika alama watakazojaza kwenye karatasi, wapende wasipende.

Hapo ndipo mtoto wa mkulima wa Mara anapoweza kupoteza kazi anayoiweza, na kuipoteza kwa sababu ya kitu ambacho nyumbani kwao angesifiwa nacho.

Mtoto aliyelelewa katika kaya ya Wajita, Wazanaki, Waikizu, Wakurya au Waruri amefundishwa tangu utotoni kwamba mkubwa anapozungumza hakodolewi macho. Akiitwa na baba husogea, hukaa mahali pa chini kuliko mzee, huinamisha uso na kujibu kwa sauti ya chini. Akipewa kitu hupokea kwa mikono miwili, au kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko. Katika kaya nyingi za Kanda ya Ziwa msichana hupiga goti anapomsalimia mkubwa. Hayo yote ni lugha, tena lugha yenye sarufi yake, na kijana anayeijua vema husemwa kijijini kuwa ana adabu. Anayemtazama mzee usoni moja kwa moja huambiwa ana kiburi, au mjini kumemharibu.

Kijana huyo huyo akiingia katika chumba cha usaili pale Musoma mjini, Mwanza au Dodoma, adabu ile ile husomwa vingine. Macho yaliyoinama huandikwa kuwa ni kutojiamini. Sauti ya chini huhesabiwa kuwa ni kukosa uhakika. Kukaa ukingoni mwa kiti, ambako kwao ni kumstahi mwenye nyumba, huonekana ni wasiwasi. Hata kunyamaza kidogo kabla ya kujibu, ambako mbele ya wazee ni dalili ya busara, hudhaniwa kuwa msailiwa hajui jibu. Hakuna aliyedanganya hapo. Kijana alizungumza lugha moja, na jopo likamsikiliza kwa lugha nyingine.

Hasara yake ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani, na inafaa ipigiwe hesabu kama hasara nyingine zozote za shamba. Elimu bila ada ilianza mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafika kidato cha tano na cha sita. Hata hivyo, sare, madaftari, chakula, nauli na gharama za chuo bado zinamtazama mzazi. Miaka saba ya shule ya msingi, minne ya sekondari, miwili ya kidato cha tano na cha sita, na mitatu ya chuo hufanya miaka 16. Katika miaka hiyo mkulima wa Bunda ameuza pamba misimu 16, mwenzake wa Butiama ameuza ng'ombe mmoja baada ya mwingine, na mama mkaanga samaki wa Musoma amecheza michezo ya upatu isiyohesabika. Kisha mtaji huo wote unakwenda kupimwa kwa robo saa. Hakuna mkulima anayepalilia na kunyunyizia dawa shamba zima la pamba halafu akaipeleka kwenye mzani ndani ya gunia lenye majani na vumbi, kwa sababu anajua mnunuzi ataiita fifi hata kama ndani imejaa nyeupe.

Tena ushindani wenyewe umekuwa mkali. Juni 2014, Idara ya Uhamiaji ilifanya usaili wake katika Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam, kwa sababu watu zaidi ya 10,000 walijitokeza kuwania nafasi 70, na hapakuwa na ukumbi wa kuwatosha. Zaidi ya miaka kumi baadaye hali haijawa nafuu. Machi 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilifanya usaili wa nafasi 1,596 zilizokuwa zimeombwa na watu 135,027. Wastani wake ni watu takriban 85 kwa kila nafasi moja. Mahali ambapo watu 85 wanagombea kiti kimoja, na wengi wao wana vyeti vinavyolingana, jambo dogo kama mkao au sauti linaweza kuamua nani abaki na nani arudi kijijini.

Wachumi wana maelezo ya hali hii. Mwaka 1973 Mmarekani Michael Spence aliandika kuhusu soko la ajira akieleza kwamba mwajiri ni kama mtu anayenunua kitu asichokijua, hivyo hutafuta viashiria vya kumsaidia kukisia ubora, na mwombaji naye hugharimika kuvitoa viashiria hivyo. Spence alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001 pamoja na George Akerlof na Joseph Stiglitz, wote kwa kazi zilizohusu masoko ambamo upande mmoja unajua zaidi ya mwingine. Kiashiria alichokizingatia zaidi Spence ni elimu. Lakini mkao, macho na sauti navyo ni viashiria, isipokuwa vina udhaifu mmoja mkubwa: ni rahisi kuvighushi. Shahada huchukua miaka kuipata, ilhali tabasamu mtu anaweza kulifanyia mazoezi kwa wiki moja.

Wanunuzi wa pamba wa Kanda ya Ziwa wanalijua tatizo hilo kwa jina jingine. Gunia linaweza kunyunyiziwa maji au kutiwa mchanga ili lilemee mzani. Mwajiri anayenunua mkao peke yake anaweza kuuziwa gunia la namna hiyo: kijana mchangamfu, anayetazama macho, anayeshika mkono kwa nguvu, ambaye miezi mitatu baadaye hajui kufunga hesabu za siku. Na gunia kavu, zito kwa pamba yake halisi, limerudishwa nyumbani kwa kuwa lilikuwa limefungwa vibaya.

Ndiyo maana yafaa kuwa na tahadhari na walimu wa semina wanaowaambia vijana kwamba asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili na sauti, na kwamba maneno ni asilimia saba tu. Takwimu hiyo inatokana na majaribio ya Albert Mehrabian wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, yaliyochapishwa mwaka 1967. Watu walisikilizishwa neno moja moja likitamkwa kwa sauti tofauti, na wakaonyeshwa picha za nyuso, kisha wakaulizwa msemaji anampenda au hampendi anayeambiwa. Majaribio yalihusu hisia za kupenda na kuchukia pale neno na sura vinapopingana. Mehrabian mwenyewe amekwisha kueleza kwamba matokeo hayo hayafai kutumiwa kwa mazungumzo ya kila aina. Kijana anayeulizwa namna ya kudhibiti funza wa vitumba kwenye pamba hawezi kujibu kwa asilimia 93 ya mabega. Asipojua jibu, hajui.

Kwa hiyo lugha ya mwili haimpi mtu kazi asiyoiweza, na ikimpa, haidumu. Inachoweza kufanya ni kuzuia maarifa yaliyopo yasionekane. Kumfundisha mtoto lugha hiyo ya pili si kumfundisha hila wala kumwondolea adabu ya kwao. Ni sawa na kumfundisha Kiswahili mtoto aliyezaliwa katika Kijita. Akirudi nyumbani ataongea Kijita, na macho yake yatainama mbele ya babu yake kama kawaida.

Liko jambo jingine ambalo vitabu vya usaili havilitaji kwa sababu huandikwa kwa ajili ya watu wanaokwenda kwenye usaili kwa gari lao. Sehemu ya kile kinachoitwa lugha mbaya ya mwili ni njaa na usingizi. Matangazo ya kuitwa kwenye usaili wa utumishi wa umma husema wazi kwamba kila msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi. Kijana aliyepanda basi la usiku kutoka Bunda, akaoga stendi, akabana fedha ya chai ili ibaki ya nauli ya kurudi, ataingia chumbani macho yakiwa mekundu na mabega yameanguka. Jopo litaona mtu asiye na hamu ya kazi. Kwa kweli wanamtazama mtu ambaye hajala tangu jana mchana. Ongeza viatu vya kuazima vinavyobana, na suruali ya mtumba iliyopwaya kiunoni ambayo kila anapokaa lazima aishike, na matokeo yake ni kijana anayetembea kama mshtakiwa.

Hilo halitibiwi kwa semina ya kujiamini. Linatibiwa kwa bajeti. Familia ambayo imekwisha kutumia mtaji wa miaka 16 haifanyi hesabu nzuri inapobana fedha ya siku moja ya mwisho. Usaili unapaswa kutengewa fungu lake mapema kama mbegu na dawa zinavyotengewa: nauli ya kufika siku moja kabla, mahali pa kulala, chakula cha jioni, chai ya asubuhi na nauli ya kurudi. Pale mwajiri anaposogeza usaili karibu na waombaji, fungu hilo hupungua sana. Usaili wa walimu mwanzoni mwa mwaka 2025 ulifanyika mikoani badala ya kuwakusanya wote mahali pamoja, na kwa mzazi wa Kibara au Nyamuswa tofauti ya kwenda Musoma na kwenda Dodoma ni tofauti ya kuuza kuku na kuuza mbuzi.

Baada ya tumbo na usingizi ndipo mazoezi yanapofaa, nayo hayahitaji mtaalamu kutoka mbali. Kila kijiji kina mwalimu mstaafu, bwana shamba, mtendaji wa zamani au katibu wa AMCOS aliyewahi kukaa upande wa pili wa meza. Watu watatu wa namna hiyo wakiketi jioni moja nyuma ya meza ya chakula na kumhoji kijana, watamsaidia kuliko kitabu. Ni vema watatu hao wawe wakubwa kwake, kwa sababu ugumu wenyewe uko hapo hapo: kumtazama mkubwa bila kujisikia mkosefu. Shangazi anayejulikana kwa ukali anafaa sana kwa kazi hiyo.

Wamzoeze kwanza kuingia. Abishe hodi, asubiri kukaribishwa, awasalimie wote, na asikae mpaka aambiwe. Katika hilo adabu ya nyumbani na adabu ya ofisini ni kitu kimoja, na kijana wa kijijini humshinda wa mjini. Akiona wakubwa kwake na usaili unaendeshwa kwa Kiswahili, "shikamoo" si ushamba. Asitangulie kunyoosha mkono kutaka kupeana na watu walio ng'ambo ya meza. Wakinyoosha wao, aupokee kwa kiganja kikavu na kwa nguvu ya kawaida, si kwa ncha za vidole wala kwa kuminya kama anakamua ng'ombe.

Kukaa kunataka zoezi zaidi, hasa kwa aliyezoea kigoda. Mgongo ufike kwenye egemeo la kiti, miguu yote miwili ikanyage sakafu, mikono ilale juu ya mapaja au juu ya bahasha ya vyeti. Mikono ikitaka kueleza jambo, ieleze, mradi isiguse pua, isicheze na kalamu na isikunje ncha ya shati. Mikono iliyokunjwa kifuani, ambayo kwa wengi ni namna ya kujikinga na baridi au aibu, jopo huisoma kuwa ni ubishi.

Macho ndiyo kazi kubwa. Anayeona vigumu kumtazama mtu machoni amtazame katikati ya nyusi. Mbali ya hatua mbili hakuna anayetambua tofauti. Amtazame anayeuliza wakati wa kuuliza, aanze jibu akimtazama yeye, kisha awagawie wengine macho na kumalizia kwa muulizaji. Akihitaji kufikiri anaweza kutazama pembeni kidogo, kila mtu hufanya hivyo. Kukodoa macho bila kupepesa nako ni kosa, na baadhi ya vijana waliohudhuria semina hutoka huko wakitazama watu kama mwewe. Kuhusu ule ukimya wa busara kabla ya kujibu, dawa yake ni kuupa jina. Kijana akisema, "Naomba nifikiri kidogo," ukimya ule ule unageuka kuwa wa mtu makini.

Sauti isikike hadi kwa aliye mbali zaidi mezani. Anayechunga ng'ombe huita kutoka kilima hadi kilima, hivyo sauti ipo. Ni aibu tu inayoifungia.

Na usaili huanza nje. Mlinzi wa getini, karani wa mapokezi na msailiwa jirani kwenye benchi wote wana macho, na haijulikani nani ataulizwa baadaye. Simu izimwe kabisa, maana hata ile ya kutetema husikika ndani ya chumba kidogo. Kitambaa cha kufutia viatu kiwe mfukoni, kwa sababu pikipiki ya Bunda wakati wa kiangazi haimfikishi mtu akiwa safi.

Yapo mabega yasiyonyooshwa na zoezi lolote kati ya haya, nayo ni yale yanayoangushwa na Kiingereza. Kijana anaweza kujibu vizuri kwa Kiswahili kwa dakika tano, lakini swali moja likija kwa Kiingereza mwili mzima hunywea. Anachohitaji huyo ni kujiandaa kwa maneno: kujua kwa Kiingereza jina la kila kitu kinachohusu kazi anayoiomba na kuweza kueleza cheti chake kwa sentensi kumi. Akiyajua hayo, mwili utafuata bila kuambiwa.

Wakazi wa Butiama wana mfano wa karibu. Machi 1955 Julius Nyerere, mwana wa Chifu Burito, alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mjini New York kuisemea Tanganyika. Alikuwa na umri wa miaka 32, mwalimu wa shule ya Pugu, mwembamba, mwenye meno yaliyochongwa kwa mila ya Wazanaki. Kwa vipimo vya semina za leo hakuwa na umbo la kumtisha mtu. Alikuwa na hoja zilizopangwa, akazitoa kwa utulivu bila kumtukana yeyote, na hao waliozoea kuwasikiliza magavana wakamsikiliza. Mtu aliyejiandaa hivyo hupata utulivu ambao mwili hauwezi kuuigiza.

Hata hivyo, haitakuwa haki mzigo wote kutwishwa kijana. Upande wa pili wa meza nao una la kujifunza. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Frank Schmidt na John Hunter, walikusanya matokeo ya tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuajiri. Waliona kwamba usaili wa maswali yaliyopangwa, yale yale kwa kila mtu, hubashiri utendaji wa kazi vizuri kuliko mazungumzo huru ambamo kila msaili huuliza linalomjia. Kumpa mwombaji sehemu ya kazi yenyewe aifanye nako kulikuwa miongoni mwa njia bora. Mazungumzo huru ndiyo mahali ambapo macho, mavazi na lafudhi hutawala.

Ni kweli zipo kazi ambazo mwili ni sehemu ya kazi. Hoteli za watalii zinazoizunguka Serengeti zina haki ya kutaka mhudumu anayetabasamu na kumtazama mgeni, maana hilo ndilo atakalolifanya kila siku. Lakini fundi wa mitambo katika kiwanda cha kuchambua pamba, mtunza ghala, mkamuaji wa ng'ombe wa maziwa au mwendesha trekta, kwa nini apimwe kwa tabasamu? Maziwa yana kipimo chake. Hayaachwi yapimwe kwa rangi ya ndoo.

Sheria nayo ina neno hapa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi kama vile kabila, mahali mtu alikotoka, jinsi na ulemavu, na katazo hilo linagusa pia taratibu za kuajiri. Msailiwa mwenye uoni hafifu hawezi kumtazama msaili machoni. Aliyepooza upande mmoja hawezi kukaa wima. Jopo linalotoa alama za macho na mkao bila kuangalia mtu na kazi anayoiomba linaweza kujikuta limembagua mtu bila kukusudia.

Mambo haya hayahusu ofisi kubwa pekee. Vikundi vinavyoomba mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu iliyositishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, navyo hukaguliwa na kuhojiwa. Mara nyingi kikundi humtanguliza msemaji mchangamfu, na mama anayejua hesabu zote za mradi akakaa nyuma akitazama sakafu. Afisa akiuliza faida ya mwezi uliopita, mchangamfu hubabaika huku mwenye jibu akingoja ruhusa ya kusema. Ni busara kikundi kikakubaliana mapema kwamba swali la fedha litajibiwa na mtunza hazina, na kwamba akijibu atainua uso.

Wafanyabiashara wadogo nao ni waajiri, ingawa wengi wao hawajihesabu hivyo. Mwenye duka la pembejeo Bunda, mwenye kibanda cha kutuma na kupokea fedha Kiabakari na mwenye mtumbwi Musoma, wote huajiri, na wengi huajiri kwa kumtazama mtu kwa dakika mbili. Akichangamka, anachukuliwa. Akiinamisha uso, huambiwa arudi wiki ijayo, na wiki ijayo haina tarehe. Kisha hujitokeza malalamiko kwamba wasaidizi wa siku hizi si waaminifu, wakati kipimo kilichotumika hakikugusa uaminifu wala kazi.

Kipimo bora hakina gharama. Mwenye kuuza dagaa katika soko la Musoma anayetafuta msaidizi, na akaletewa binti wa kijijini asiyeinua macho, hana haja ya kumkodolea wala kumhurumia. Ampe mzani, kikombe cha kupimia na daftari, ampe gunia la dagaa lenye mchanga kidogo, na aondoke kwa saa moja. Akirudi aangalie kama mchanga umechekechwa, kama wateja watatu waliopita wameandikwa, na kama fedha iliyopo inalingana na dagaa waliopungua.